Shamba la Nani?

Mgwashi, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Shabani,

Kama basi bado linakata kona za Soni na wewe umeshaifungua barua hii, ikunje uirudishe kwenye begi. Nilikwambia uifungue ukifika Mazinde. Lakini nakujua, tangu mdogo ukipewa kitu kimefungwa lazima uchungulie. Nimetaka uisome mlima ukiwa nyuma yako na basi limeshika barabara kubwa, mahali ambapo huwezi tena kumwambia kondakta, "Nishushe hapo, nimesahau kitu nyumbani."

Sitakuandikia habari za chandarua, wala kula kwa wakati, wala kuswali. Hayo nimekwambia tangu una meno ya utoto, na kama hadi leo hayajaingia, karatasi haitayaingiza. Saa hizi uko kwa shangazi yako unaaga. Nimekutuma huko makusudi, maana shangazi yako hamruhusu mtu aondoke bila makande, na makande yake hayana haraka ya kuiva. Ndiyo nafasi yangu. Nimevaa miwani, nimekaa mezani, naandika.

Neno langu ni moja. Usirudi.

Usishtuke. Mlango ni wako na kitanda ni chako. Nasema usirudi kwa ajili yangu. Juzi ulikuwa nyuma ya banda la ng'ombe unaongea na dada yako Zaina kwenye simu. Ulijua niko jikoni, na kweli nilikuwa jikoni, ila mbao za jiko letu zimeachana, na kisukari kilichonipunguzia macho hakijayagusa masikio. Nilikusikia. "Dada, nitafika Mwanza, nitakaa kidogo, halafu nitawaambia kazi sijaipenda. Mama nani atamsomea simu? Nani atamwangalia sukari? Umesahau yaliyotokea?" Kisha ukasema, "Ndiyo maana simwambii."

Shabani! Fundi umeme wa kuajiriwa, mwenye kitambulisho cha kuvaa shingoni! Soko zima la Soni nimeshaliambia, hata wasioniuliza. Muuza dagaa nimemwambia mpaka akasema, "Mama Zaina, hii umeshaniambia." Nikamwambia sikiliza tena. Sasa ukirudi na begi, mimi nitapita wapi pale sokoni?

Unasema nimesahau yaliyotokea? Yalinitokea mimi, mwanangu. Ngoja niyaseme yote, maana wewe uliona mwisho wake tu.

Unajua mimi ni mtu wa aina gani kwenye biashara. Elimu yangu ni darasa la saba, sawa, lakini njoo uniuzie mbegu mbovu uone. Dalali akiniletea viazi vya mbegu, vimeoshwa vinang'aa, mimi viazi siviangalii kwanza. Namuuliza, "Vimetoka shamba la nani?" Akinitajia mtu, naenda kwa huyo mtu, natazama kama shamba lake lilikuwa na mnyauko. Akisema, "Vya huko juu, mama," namjibu huko juu hakuna mtu anayeitwa Huko Juu. Ndiyo maana shamba letu halijawahi kunyauka tangu marehemu baba yako aniachie, na wewe umesoma kwa viazi hivyo.

Basi mwanamke huyo mkali ndiye aliyedanganywa na simu.

Ile sauti iliingia kwenye kundi letu la wasap, la akina mama wa mboga. Ingekuwa ya Kiswahili ningeishtukia. Ilikuwa ya Kishambaa. Na si Kishambaa chenu cha kuokoteza. Kilikuwa kile cha bibi yangu, cha polepole, neno linakaa chini kabla lingine halijasimama. Mzee wa kiume. Akaanza kwa kuwaamkia wakubwa zake. Akawapa pole wenye maradhi, akawapa pole waliofiwa, akauliza mvua zinaendaje. Ndipo akasema vidonge vya sukari na vya presha vinatuua taratibu, tuviache, tuchemshe majani aliyoyataja, tunywe asubuhi.

Mtu anayeuliza mvua kabla hajasema lake, kwetu huyo ndiye mtu. Ndivyo nilivyowalea ninyi. Kumuuliza mzee kama yule "shamba la nani" niliona ni kumvunjia heshima. Sikumuuliza. Nilikaa nikamsikiliza mara ya pili kwa raha tu, kama mtu aliyetembelewa.

Vidonge nikaviweka juu ya kabati. Na kwa vile mimi ndiye mwenyekiti wa kundi, nikaituma ile sauti mbele kwa kila niliyemjua ana tatizo. Mama Eliya, jirani yetu, mwenye presha yake ya siku nyingi, alinifuata hadi kisimani.

"Mama Zaina, una hakika na huyu mzee?"

"Mama Eliya, husikii anavyosema? Huyu ni mtu wetu."

"Ni mtu wetu, lakini ni nani?"

Swali langu mwenyewe, anauliza yeye! Nikamcheka. Nikamwambia Walutheri mnapenda kuuliza kama mko kipaimara. Akacheka na yeye, akaacha vidonge vyake.

Mwanzoni nilijisikia mwepesi, nikazidi kujisifu. Halafu ikaja kiu. Nikasema ni joto. Joto, Mgwashi, mwezi wa saba, wakati hata kuku wanatafuta jiko! Usiku nikawa sitoki chooni. Nikachukua kile kipimo tulichopewa kliniki, nikachoma kidole, kikaleta herufi badala ya namba. Nikakitikisa. Nikasema kimekufa betri, nikakirudisha kwenye mfuko wake. Kumbe kilikuwa kinapiga kelele kwa namna yake, kinasema sukari imepita pale kinapoweza kuhesabu. Mimi sikujua lugha yake, na sikumuuliza anayeijua.

Mengine unayo wewe. Ulirudi kutoka kazini Bumbuli ukanikuta nimeegemea magunia, naongea maneno hayana mwanzo. Ukanifunga mgongoni kwako kwa kanga kama mtoto, pikipiki ikatushusha hadi hospitali. Wiki hiyohiyo Mama Eliya alianguka kwa presha kwenye mashamba ya chai, huko Mponde alikokuwa anachuma. Amepona, namshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kushoto unajua umebaki vipi. Hajanilaumu hata siku moja. Nikiingia kwake na habari yoyote, hata ya harusi, ananiuliza, "Hii nayo umeletewa na mzee?" Ananitania, na mimi nacheka, na kila anaponitania nauangalia ule mkono.

Baada ya pale ukawa wewe ndiye mwenye simu. Ukanitoa kwenye kundi bila kuniambia. Ujumbe ukiingia, unasoma wewe, unaniambia, "Hamna kitu, mama." Vidonge unavimwaga kiganjani kwangu kama unamrushia kuku punje, nami namwagilia maji. Kidole unakichoma wewe, namba unaijua wewe. Nilinyamaza kwa aibu. Na nikwambie ukweli mwingine, nilinogewa. Ni raha, mwanangu, kufikiriwa na mtu mwingine. Mtu anaweza kuzeeka kwa mwezi mmoja kwa raha ya namna hiyo.

Aliyenitoa huko ni Nesi Monika wa kliniki ya sukari, yule mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Siku hiyo wewe ulikuwa nje unazungumza na mwenye pikipiki.

"Mama Zaina, unatumia dozi gani sasa?"

"Muulize kijana, yuko nje."

"Kijana ana sukari?"

"Hana."

"Sasa nimuulize nini?"

Akanishikisha kipimo changu. Akaniambia, "Ukijua kukisoma hiki, na ukijua kuniuliza kwa simu, nitalala. Usipojua, hata ukae na watoto kumi, silali."

Ndipo nikaanza. Ulikuwa unashangaa kwa nini ninakwenda kukata majani ya ng'ombe na kukawia hadi jua linageuka, halafu narudi na kifungu kidogo. Ulinidhihaki, "Mama, haya ni ya ng'ombe au ya sungura?" Yule ng'ombe alikonda kwa ajili ya elimu yangu. Tulikuwa na Mama Eliya pale mgongoni mwa kilima juu ya kwake, kwenye mtandao mzuri, vizee viwili na simu. Mwanzo niliogopa kubonyeza, nikidhani nikikosea itapasuka. Mama Eliya akaniambia, "Bonyeza, mama, mimi ndiye niliyebaki na mkono mmoja, wewe unao miwili unaogopa nini?" Tukajifunza kukuza maandishi mpaka yanaonekana bila kukunja uso. Tukajifunza kupiga picha kipimo bila kupiga na dole gumba. Tukajifunza kuitambua ile mishale miwili midogo inayokaa juu ya ujumbe uliopita kwa watu wengi. Nikikumbuka, ile sauti ya mzee ilikuwa na mishale hiyo. Ilikuwa imezunguka nchi nzima kabla ya kuja kuniuliza habari za mvua ya Mgwashi.

Namba ya kliniki nimeiandika kwa jina, "Monika Usilale". Na lile swali langu la sokoni nimelihamishia kwenye simu. Kila ujumbe wa dawa ukiingia, nauliza umetoka shamba la nani. Nani kasema? Ni wa hospitali gani? Naweza kwenda nikamkuta? Na mwisho wa maneno yake, anauza nini? Na hata akinijibu vizuri yote, kidonge changu sikigusi mpaka Monika aseme. Nilijirudisha mwenyewe kwenye kundi, na akina mama wote sasa wanajua. Mtu akituma tu dawa ya ajabu, kabla sijavaa miwani wameshamjaza: "Shamba la nani?" "Shamba la nani, dada?" Juzi mmoja alituma picha ya mtoto wake mchanga, wakamuuliza hivyohivyo. Ilibidi niwakemee.

Unakumbuka ile siku ya soko nilirudi nacheka peke yangu hukujua kwa nini? Alinipigia mtu. Kiswahili safi cha redioni.

"Naongea na mama mwenye changamoto ya sukari? Mimi ni daktari. Nina dawa, unakunywa chupa tatu tu, sukari inaisha moja kwa moja."

Nikaweka sauti ya nje, juu ya rundo la kabichi, wenzangu wasikie. "Karibu daktari. Wa hospitali gani?"

"Sisi ni wa kimataifa, mama."

"Kimataifa iko kata gani?"

"Mama, ni duniani kote."

"Basi njoo Soni, nayo iko duniani. Njoo na cheti chako, nami nitakuja na nesi wangu. Nesi wangu anatisha."

Akakata. Soko lilicheka mpaka mwenye mizani akapoteza hesabu. Muuza dagaa akasema, "Sasa hii ndiyo ya kurudia, Mama Zaina." Nami nairudia, kama unavyoona.

Lakini hilo ni la kujisifu tu. Kumkata mtu wa dawa ni rahisi ukiwa na wenzako wanacheka. Ninalotaka ulijue ni hili la pili, ambalo sikukusimulia.

Siku uliyokwenda Tanga kufuata vyeti vyako, nilishinda nachuma plamu. Nikarudi, nikakaa kizingitini, nikapima. Namba ikaja kubwa, mwanangu, kubwa ya kutisha. Nikayaona magunia yale niliyoyaegemea mwaka jana. Mkono ulishaishika simu ili nikuite, na ningekuita ungeshuka kwenye basi popote ulipo, vyeti ukaviacha.

Nikajizuia. Nikasema, wewe mama, huna kiu. Chooni hujakwenda kwa fujo. Kichwa kiko sawa, unajua leo ni siku gani. Vidonge umekunywa. Sasa namba hii imetoka shamba la nani?

Nikaangalia vidole. Vilikuwa vinanata. Utomvu wa plamu mpaka kwenye kucha.

Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikachoma kidole kingine. Namba ikaja ile yangu ya siku zote. Nikapiga picha zote mbili nikamtumia Monika na maelezo. Akanijibu kwa sauti, anacheka: "Mama Zaina, ile ya kwanza ulipima plamu. Umefanya vizuri kunawa. Ila ya pili nayo ingekuwa juu, ningetaka nikuone leoleo, usingoje mtu." Nikamwambia, "Nilikuwa nimeshaweka kanga tayari." Na kweli ilikuwa tayari, imekunjwa pale mlangoni, na mwenye pikipiki namba yake nilikuwa nimeshaitafuta.

Uliporudi uliniuliza umeshindaje, nikasema salama. Nilitamani kukusimulia, lakini ulikuwa umeshika vyeti vyako na uso umewaka. Nikaona yangu itangoja. Ilikuwa inangoja leo.

Sikwambii kwamba nimepona. Huu ni ugonjwa wa kuishi nao, na macho yangu hayatarudi kuwa ya msichana. Iko siku nitakosea tena. Siku hiyo Mama Eliya ataniona kabla yako hata ungekuwepo hapa, maana wewe asubuhi unakwenda kazini na yeye anakuja kuomba chumvi. Zaina yuko Korogwe, anafika kabla ya jioni. Na wewe nitakuita, sitaona haya. Lakini nitakuita mimi, wewe hutakaa huko umeshika tumbo unangoja kuitwa.

Na wewe huko uendako, nikupe hiki tu. Mwanza utakaa miezi hujasikia neno la kwetu. Halafu siku moja, kituoni au kazini, mtu atakuita "mgoshi", kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, akuamkie kwa Kishambaa kizuri, akuulize mvua. Moyo utakuyeyuka. Uache uyeyuke, ni haki yake. Msalimie, kaeni, mle. Ila akishaanza kukwambia weka sahihi hapa, kunywa hiki, nipe kile, muulize swali la mama yako. Mtu wetu wa kweli hatachukia. Ninajua, kwa sababu Mama Eliya aliniuliza, na ingefaa nisimcheke.

Na kazi yako ni ya kuingia nyumba za watu. Utamkuta mzee, utamfungia taa. Usimuwashie ukaondoka. Mpe nafasi ainuke, ajikongoje, aiwashe yeye na kuizima, hata akichelewa, hata kama bosi wako anakuita nje. Wewe ulinipenda sana mpaka ukaniwashia kila taa. Sikulaumu, ulikuwa umenibeba mgongoni, na anayembeba mtu hivyo haoni rahisi kumshusha. Sasa nishushe, mwanangu. Nimesimama.

Nasikia mbwa wa shangazi yako anabweka, nadhani unaagwa. Niifunge.

Asubuhi hii ya safari, ambayo kwangu ninayeandika bado ni kesho, kabla hujabeba begi, najua uliichukua simu yangu kwa siri ukague kama nimepima. Ilikukatalia, sivyo? Uliweka ile namba ya siri uliyonichagulia, ikakataa, ukanitazama, nami nikajitia nakoroga uji. Haijaharibika. Nimeibadilisha jioni hii, peke yangu, kabla ya kushika kalamu. Zaina nimempa, kwa siku ya dharura. Wewe sikupi. Ukitaka kujua hali yangu, piga, mwenye simu atapokea.

Washa data sasa. Utakuta picha ya kipimo changu cha asubuhi, na pembeni yake kidole, kimenawa. Isome namba wewe mwenyewe, usinijibu "vizuri mama" kabla hujaisoma. Na ukifika Mwanza, siku watakayokuvisha kitambulisho, simama mahali penye mwanga unitumie picha. Nitaikuza mwenyewe mpaka nilisome jina lako lote, na la baba yako. Muuza dagaa anaisubiri, na akiniuliza imetoka shamba la nani, ninalo jibu.

Mama yako,
Mama Zaina, mwenye simu